Askari Wasiopumua

Jumapili, Machi 10

Mvua imeanza. Kipindi kilikwenda vizuri, kwa hiyo Asali atatembea kifua mbele wiki nzima na hakuna atakayeambiwa asante ila yeye.

Asali ni mtangazaji wetu wa redio. Jina lake halisi analijua mama yake na karani wa mishahara. Sisi wengine tunamwita hivyo kwa ile sauti, anayoweza kukusomea nayo taarifa ya mafuriko ukadhani umealikwa harusini. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana huketi mbele ya kipaza sauti akasema, "Sasa tuwasikie vijana wetu," na nchi nzima inanyamaza kusikiliza askari walioko vitani wakiwasalimu watu wa nyumbani.

Mimi ndiye ninayewakata. Sauti zao huja kwenye tepu, ndani ya gunia, na mimi chumbani kwangu nina wembe, kibao cha kukatia, utepe wa kuunganishia na hedifoni iliyonichubua masikio. Nakata kikohozi na kigugumizi. Nakata majina ya mito na vilima. Mtu akisema ana njaa, nakata njaa. Nakata na pumzi pia, maana Mkuu wa Vipindi anasema askari akisikika anahema watu watadhani anakimbia.

Leo alisikika Chiriku wetu. Ni mtoto wa pekee wa dada yangu, na kwa kuwa mimi sikuzaa, na tumemlea nyumba hii moja tangu shemeji afariki, ni wangu vilevile. Ananiita mama mdogo. Jina la Chiriku alipewa na mtaa kwa sababu ya mdomo wake, ambao haujawahi kupata likizo. Dada humjibu redioni kana kwamba amekaa kwenye kigoda pale. "Sijambo, mwanangu. Umekula lakini?" Majirani walijaa uani kama kawaida, wengine chini ya kibanda cha jikoni, kwa kuwa redio yetu ndiyo yenye sauti kubwa. Hakuna aliyemcheka.

Jumanne, Machi 12

Mvua. Paa la ofisi linavuja juu ya meza yangu, si juu ya meza ya Mkuu. Mvua nayo inajua vyeo.

Alhamisi, Machi 14

Gunia la tepu halikuja. Tumeambiwa barabara ya kwenda huko imekatika kwa mvua.

Jumapili, Machi 17

Tumerudia salamu za wiki iliyopita. Mke wa fundi viatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliniuliza mbona mwanawe amesema maneno yale yale. Nikamwambia labda hana jipya. Akasema, "Mwanangu ana jipya kila siku, hata la uongo."

Jumatano, Machi 20

Mkuu alituita ofisini kwake. Ana kawaida ya kupanga kalamu zake mezani kabla ya kusema jambo baya, na leo alizipanga mara mbili. Akasema barabara haitapitika mpaka mvua ziishe, na fundi wetu wa kurekodi, yule anayezunguka na mashine mgongoni kwenye kambi, amekwama huko huko. Hata hivyo kipindi hakiwezi kufa. Wizara haitaki kife.

"Tepu za zamani tunazo," akaniambia. "Maneno yamo. Wewe yapange upya tu."

Nikamuuliza kama anataka nitunge salamu.

"Sijasema kutunga. Sauti ni zao, maneno ni yao. Uongo uko wapi?"

Nikamwambia hata mimi nikikata herufi za gazeti nikapanga tusi, herufi ni za gazeti lakini tusi ni langu.

"Basi usipange tusi," akasema.

Asali akacheka. Nilitamani kumrushia kibao. Mkuu akataka nianze na Chiriku, maana ndiye aliyeongea kuliko wote, na mwenye maneno mengi ni rahisi kumshonea mapya. Nikasema huyo ni mtoto wetu. Akasema vizuri zaidi, mama yake atafurahi.

Nimefanya. Naandika hapa ili nisije nikajidai kesho kwamba sikufanya. Nimechukua "Mama, shikamoo" kwenye tepu moja, "mvua huku" kwenye nyingine, "tuko pamoja" kwenye ile aliyokuwa anazungumzia timu yao ya mpira. Nimejiambia kijana yupo, tatizo ni matope tu, na hayo ndiyo ambayo angesema. Jambo moja tu limenisumbua. Siku zote Chiriku nilikuwa namwachia pumzi zake kidogo, kwa kumwibia Mkuu, kwa ajili ya dada. Safari hii haikuwezekana. Pumzi ya tepu moja haikubali kukaa na neno la tepu nyingine, inaruka, kila mtu atasikia. Nimezitoa zote.

Jumapili, Machi 24

Dada alicheka mpaka akajifuta macho kwa upande wa kanga. Kisha akanishika mkono.

"Umemsikia kifua?"

Nikajifanya sikuelewa.

"Hakipigi mluzi. Mdogo wangu, kimeacha."

Chiriku ana pumu tangu mchanga. Akizungumza, katikati ya sentensi na sentensi unasikia kifua kikipiga mluzi mdogo, kama birika lililo mbali. Dada alilala miaka na sikio lake juu ya kifua kile, akiogopa kisije kikanyamaza. Chiriku alipoitwa jeshini tulishukuru ile pumu, tukajua itamrudisha. Daktari wao akaweka chombo kifuani dakika moja akasema huyu mzima kabisa, wa pili aingie.

"Vita vimemponya," dada aliwatangazia majirani. "Hewa ya huko, sijui. Huyu mtoto nilizunguka naye kila hospitali, kumbe dawa yake ilikuwa jeshi."

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumatano, Machi 27

Mvua usiku na mchana. Nimemgombeza mhudumu wa chai bila kosa.

Ijumaa, Machi 29

Dada ametoa dawa za pumu za Chiriku zilizokuwa kabatini, zote, pamoja na kile kifaa cha kuvutia hewa, akampa mwanamke wa mtaa wa pili mwenye binti mgonjwa. Anasema zinamkumbusha mabaya. Pia ameandika kadi kwa redio kushukuru. Nilimwambia kadi siku hizi hazisomwi. Akasema, "Basi wewe uipeleke kwa mkono." Nikaiweka chini kabisa ya rundo.

Jumapili, Machi 31

Kadi imesomwa. Asali ana pua ya panya, hutafuta mpaka chini ya rundo akijua tamu iko wapi.

"Mama mmoja anatuandikia," akasema kwa ile sauti, na mimi, niliyekuwa zamu studio leo, nimeketi upande wa pili wa kioo siwezi hata kumfinya, "kwamba mwanawe aliyeugua pumu tangu utotoni, leo amepona kabisa akiwa mstari wa mbele. Vijana mnaojiona dhaifu wa kifua, mmesikia? Jeshi ni shule, jeshi ni kazi, na sasa jeshi ni hospitali."

Pumu ya Chiriku niliiponya mimi, kwa wembe, nikaifagia jioni na takataka nyingine. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwa na redio.

Nyumbani nilimkuta dada amevaa nguo yake ya kwendea wageni. Mtaa mzima ulikuja kumpa mkono. Kilemba cha ukoka amevishwa, na ukoka wenyewe nimeung'oa mimi. Nilikuwa na hasira hata na yeye, kwa kufurahi kwake, na hiyo ni hasira mbaya kuliko zote kwa sababu haina pa kwenda.

Alhamisi, Aprili 4

Mtoto wa muuza mkaa, aliyekataliwa jeshini mwaka jana kwa sababu ya kifua, amekwenda tena kuomba. Wamemchukua. Baba yake alikuja kumshukuru dada.

Jumapili, Aprili 7

Nimewapanga askari wengine leo, na mtoto wa fundi viatu yumo. Nilipata "mama" yake moja tu, nikaitumia mara mbili. Mke wa fundi viatu alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Amekuwa mpole." Akaondoka kabla ya wengine.

Jumanne, Aprili 9

Fundi wa kurekodi amerudi.

Nilimkuta stoo, ameketi juu ya maboksi, koti limelowa, mkono mmoja umefungwa bandeji chafu. Ni mtu wa mzaha, kila akirudi safari hunitania kwamba nimezeeka kwa kumngoja. Leo alinitazama akatazama chini.

"Umepitaje?" nikamuuliza. "Barabara si imekatika?"

"Nani kasema? Nimekuja na lori, kiti cha mbele. Vumbi tu limegeuka tope."

Nikamwambia tumeambiwa hakuna kinachopita, ndiyo maana tepu haziji.

"Tepu haziji kwa sababu hakuna wa kurekodi," akasema. "Kile kikosi nilichokuwa nakirekodi, cha Chiriku wenu, hakipo tena, shangazi. Walipandishwa kilima asubuhi, adui walikuwa wanawasubiri juu. Walioteremka ni wapishi na mimi."

Nikamuuliza lini. Nilijua nisingetaka jibu, lakini mdomo ulikwisha kufunguka.

"Kabla mvua hazijaanza. Nilipiga simu siku ile ile kwa Mkuu. Akaniambia nikae huko, nisirudi mjini mpaka anipigie, ati kwa usalama wangu. Nimekaa. Leo nimechoka kukaa."

Kabla mvua hazijaanza. Ina maana hata ile Jumapili ya kwanza, dada anamuuliza umekula, Chiriku alikuwa ameshazikwa na watu asiowajua, kama alizikwa. Ina maana alipokuwa akizipanga kalamu zake Mkuu alikuwa anajua. Mimi nimekaa chini ya paa linalovuja, namkata mtoto wetu aliyekufa vipande vipande ili aseme mvua huku, mvua ambayo hakuiona.

Fundi akatoa tepu ndani ya koti. Aliirekodi asubuhi ile, kabla hawajapanda. Akasema, "Hii sikuitia kwenye gunia. Nilijua hata ikifika kwako utaambiwa uikate."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mkuu, sikubisha hodi. Nilimwambia niliyoyasikia, naye hakukana. Hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi, angalau angekana.

"Nchi iko vitani," akasema. "Ukiwaambia leo, watu watakata tamaa."

"Wakate. Tamaa ni yao, na watoto ni wao."

"Wewe ni mfanyakazi mzuri, usiniharibie."

"Wewe umeniachia nini cha kuharibu?"

Akazipanga kalamu. Kisha akasema, taratibu kabisa, kwamba kwa kuwa Chiriku amependwa sana na wasikilizaji, Jumapili hii angetaka awaite vijana wenzake wajiandikishe. Maneno anadhani yamo kwenye tepu. Nikikataa mimi, Asali anaweza kujifunza kushika wembe, si kazi ya kuendea chuo.

Nikamwambia ajifunze. Nilifunga mlango kwa nguvu hata kalamu nikazisikia zikianguka. Ni jambo dogo, lakini limenisaidia kufika nyumbani.

Jumatano, Aprili 10

Dada alipika. Nikala. Sikumwambia.

Alhamisi, Aprili 11

Nimemwambia. Nilianza na kuzunguka, nikaona nazungumza kama Asali, nikasema tu: Chiriku amekufa, alikufa kabla ya mvua.

Dada alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Nimemsikia juzi juzi kwa masikio yangu."

"Yale niliyapanga mimi, dada. Kwa maneno ya zamani."

"Redio nzima iseme yuko hai, wewe peke yako useme amekufa."

"Redio ni mimi."

"Kama ni wewe, mbona hukusema siku zile?"

"Sikujua. Niliambiwa ni barabara."

"Basi uliambiwa uongo ukauamini. Na hili la leo pia umeambiwa." Akaweka ungo chini. "Mdogo wangu, wewe hukuzaa. Mwanangu angekufa, mimi ningejua. Sauti yake imekuwa safi, kifua kimepona, mtu anaponaje akiwa amekufa?"

Nilikasirika nikatoka mvuani bila mwavuli. Nilizunguka mtaa mzima nikimlaani Mkuu, Asali, yule daktari wa dakika moja, na dada yangu mwenyewe, kwa sauti, watu wakanipisha njia. Niliporudi nguo zimenigandama mwilini nilikuwa nimeelewa kitu. Ile sauti nimeifanya nzuri kuliko mtoto mwenyewe. Mimi nitashindanaje nayo kwa maneno matupu?

Jumamosi, Aprili 13

Leo mlinzi wa getini amemruhusu dada aingie, nimemwambia ni mgeni wa kipindi. Nilimketisha kwenye kiti changu, nikamvisha hedifoni, kisha nikaivua nikafungua spika, kwa sababu sikutaka asikie peke yake. Nikaweka ile tepu ya fundi. Mwenyewe nilikuwa sijaisikiliza.

Kilichotangulia ni kifua. Kilikuwa kinapiga mluzi mrefu, mbaya, kabla hajasema neno.

"Mama, shikamoo. Mama, kifua kimekaza sana. Dawa nilizokuja nazo zimekwisha, hapa hakuna. Naomba unitumie zile za kabatini, hata nusu." Mluzi. Mtu kwa mbali anawaita wapange mstari. "Leo tunapanda juu. Nimewaambia siwezi kupanda, wamesema kila mtu anasema hivyo." Mluzi, mrefu. "Mama mdogo, najua wewe ndiye wa kwanza kusikia. Hapa utakata, sawa, kazi ni kazi. Lakini mwambie mama."

Dada alikuwa ameweka kiganja juu ya spika. Alikaa hivyo hata tepu ilipokwisha ikawa inazunguka bure.

"Zile za kabatini," akasema.

Nikamwambia tepu hii haikufika kwa wakati. Zile dawa zingekuwapo au zisingekuwapo, zisingefika. Aliuondoa mkono kwenye spika. Baadaye akasema, "Nionyeshe."

"Nini?"

"Ulivyokuwa unafanya."

Nikachukua tepu ya zamani, na mbele ya macho yake nikakata, nikaunga, nikakata. Kazi ilitoka mbaya. Chiriku akasema, "Mama, niko salama, mvua huku." Sauti safi, bila kifua. Dada aliitazama mashine, akatazama sakafuni vipande vya tepu vilivyoanguka, vifupi kama kucha.

"Hivi vya chini ni vya nini?"

"Ni pumzi zake."

Ndipo Asali akaingia. Alikuja kuchukua wembe, ajifunze, kesho Chiriku awaite wenzake. Alipomwona dada akajua ni nani, akafungua mikono na ile sauti ikamtoka yenyewe.

"Mama wa Chiriku. Fahari ya nchi hii."

"Wewe ndiye uliyesoma kadi yangu?" dada akamuuliza.

"Ndimi, mama. Ilitugusa wote."

"Ukasema mwanangu amepona."

"Nilisoma ulivyoandika, mama."

"Basi leo nakupa nyingine, sikuiandika. Sema amekufa. Sema kwa sauti ile ile."

Asali alinitazama mimi. Nikamwambia ni kweli, kikosi kizima, Mkuu anajua tangu mwezi wa tatu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia zaidi, nilikuwa na matusi tayari. Lakini nilimwona usoni kwamba hakuwa anajua. Alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa sauti ya mtu yeyote, yenye mikwaruzo, ya mtu wa foleni ya mafuta ya taa. "Mama, mimi..." Akajaribu tena. Dada alimsubiri, hakumsaidia. Asali akauacha wembe pale mezani akatoka.

Jumapili, Aprili 14

Hakuna mvua leo. Majirani walikuja mapema kuwahi nafasi, wakabeba na viti vyao. Muuza mkaa alikaa mbele. Mke wa fundi viatu alisimama karibu na mlango, kama mtu ambaye bado hajaamua kama anakaa.

Dada aliitoa redio akaiweka juu ya meza uani, kama kila Jumapili. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni. Saa ya kipindi ilipofika aliifungua. Haikuwa sauti ya Asali, alikuwa mtu mwingine, anasoma harakaharaka kwamba sasa tuwasikie vijana wetu. Sijui ni nani aliyeshika wembe jana usiku. Chiriku akaanza, "Vijana wenzangu," na pale penye kiungo sauti ikaruka, kazi mbovu ambayo hata mwanafunzi asingeiachia. Muuza mkaa akatikisa kichwa kwa kukubali.

Dada akaizima redio.

Watu walidhani betri. Mmoja akainuka atazame, dada akamwekea mkono begani akamketisha.

"Mwanangu amekufa," akasema. Hakupaza sauti, na kila mtu alisikia. "Amekufa kabla ya mvua, na pumu yake haikupona. Muuza mkaa, kesho nenda kamtoe mwanao kule kama bado wako naye, useme mimi nilikudanganya. Wengine, wenu sijui." Akanigeukia. Tangu jana hakuwa amenitazama usoni. "Huyu anajua. Alikuwa nao chumbani wote. Muulizeni huyu."

Viti vikageuka. Nilitaka kueleza habari za Mkuu, za barabara, za kwamba nami niliambiwa uongo kama wao. Yote ni kweli, na hakuna aliyekuja kusikia hayo. Mke wa fundi viatu ndiye aliyesogea kwanza, akasimama mbele yangu karibu kabisa.

"Wangu yule aliyekuwa mpole," akasema. "Alikuwa kikosi kimoja na Chiriku?"

Nikamjibu ndiyo.